Nakuru hadi Mbale ya Uganda: nilienda kuona mtoto akikosea anapelekwa wapi

Nimerudi na daftari limejaa, na kwa simu picha za barabara na sahani za chakula ndo nyingi kuliko za watu, manake watoto wenye kesi hawapigwi picha. Wenzangu wa kikundi wameniuliza sana nilienda kuona nini huko, kwa hivyo naandika yote hapa moja kwa moja, na bei niweke, ili anayetaka kwenda ajue.

Mimi ni mwalimu hapa Nakuru. Tuko watu wachache tunaofuatilia watoto wanaoshikwa huku mtaani, wale wa kuiba vyuma kuukuu, wa kuiba simu, wa kupigana shule. Kenya na Uganda zote leo zinasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa, lakini watu wa Malaba, pale mpakani, wamekuwa wakiniambia upande wa Uganda kesi ya mtoto aliyeiba kuku au ndizi haifiki polisi, inaishia kijijini na iko kwa sheria kabisa, si mapatano ya wazee ya pembeni. Nilitaka kuona kwa macho. Shule zilikuwa zimefungwa, Novemba, na Novemba pia ndio mwezi ambao korti zetu huzipa kesi za watoto kipaumbele, nikaona ni wakati mzuri wa kuuliza maswali.

Jumatatu: Nakuru – Kisumu

Matatu ilianza kupakia saa moja asubuhi, ikatoka saa tatu. Nauli 800. Mpaka Mau Summit ni malori mbele na malori nyuma, dereva hawezi kufanya kitu. Kericho tukasimama dakika kumi, chai na mandazi mbili shilingi 70, halafu mteremko wa Awasi, joto likaingia, sweta nikatoa. Ahero mama mmoja aliyekaa kando yangu alinunua mchele kilo tano kwa dirisha na akaniachia parachichi moja bila kuniuliza jina.

Kisumu nilikuwa na miadi na mzee mmoja aliyestaafu, alifanya kazi ya probesheni, ile ya kufuatilia wakosaji wakiwa nje ya jela, miaka mingi. Alisema tukutane Dunga, tule samaki tukiongea. Ngege mzima wa kukaanga na ugali, 600 kwa mtu, na nilipotaka kulipa aliniangalia kama nimemtukana, "Mwalimu, wewe ni mgeni wangu," basi nikarudisha pesa kwa mkoba.

Huyu mzee ndiye alinifungua macho kuhusu tulikotoka. Mpaka Julai 2022 hapa Kenya mtoto wa miaka 8 angeweza kusimama kortini kama mshtakiwa. Minane, hapo wengi wako darasa la pili la tatu. Kutoka 8 hadi 12 upande wa mashtaka ulikuwa unatakiwa kuonyesha alijua anachofanya ni kibaya, na hiyo ilikuwa kwenye sheria ya adhabu toka enzi za mkoloni. Children Act ya 2022 ndio ikapandisha umri hadi 12, na ikaongeza kwamba aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa hawezi kutofautisha mema na mabaya hadi korti iletewe ushahidi wa kuonyesha vingine. Uganda wao waliweka 12 mwaka 1996. Piga hesabu, ni miaka 26 walitutangulia, na hao watoto wetu wote waliopita hapo katikati hakuna wa kuwarudishia.

Nikamuuliza sasa kama sheria ni mpya na nzuri mbona bado tunaona watoto wakilala seli. Akaweka mfupa chini. Akasema sheria inaruhusu kesi ya mtoto itolewe nje ya korti mapema sana, pale polisi kwenyewe na kwa ofisi ya mashtaka, mtoto aombe msamaha, alipe alichoharibu, awekewe masharti ya kwenda shule, kazi ya jamii, ziko njia nyingi. Lakini haya yote yanategemea yule aliyeko kwa kaunta usiku huo. "Usiku wa kwanza ndio kesi yenyewe. Ikishaandikwa OB vibaya, sisi wengine tunakuja kufagia tu." OB ni kile kitabu cha matukio pale kituo cha polisi. Maneno hayo niliandika pale pale na kidole kina mafuta.

Kwa anayetaka kufuatilia mambo haya: usiende korti ya watoto ukidhani utakaa nyuma usikilize. Haiko wazi kwa watazamaji, na ni sawa iwe hivyo. Na nyumba za rimandi za watoto, wanakowekwa kesi ikiendelea, iwe Nakuru, Kisumu au Kakamega, huingii bila barua ya ruhusa iliyotoka juu, na barua inachukua wiki kadhaa. Omba mapema. Nililala gesti ya 1,200 karibu na stage, neti nzima, maji ya moto hakuna.

Jumanne: Kisumu – Kakamega

Nauli 250. Kiboswa, Majengo, Mbale ya Vihiga (nayo tusiichanganye na ile ninayoenda), Chavakali, mawe makubwa kando ya barabara, mvua ikatupata kabla ya Kakamega.

Ndani ya matatu ndio nilikutana na mama wa siku hiyo. Alitoka upande wa Siaya alfajiri, ana mfuko mmoja kwa mapaja, akauliza konda kama anaweza kuunganishiwa gari la kwenda njia ya Webuye ashukie Shikusa. Nikajua. Shikusa ndiko iliko Borstal ya wavulana huku kwetu magharibi, yaani pale magereza wanaporekebisha vijana, ile nyingine ya wavulana iko Shimo la Tewa, Mombasa, na ya wasichana iko Kamae, Nairobi. Sikumuuliza kitu, yeye mwenyewe akaanza. Kijana wake alivunja duka na wenzake akiwa na miaka 16, akapewa miaka mitatu. Amebakisha mwaka na kidogo. Alisema huko anajifunza useremala, na hilo alilisema akiwa ameinua kichwa, halafu akaniambia kila akienda kumwona inamla zaidi ya elfu moja mia tano kwenda na kurudi na siku nzima ya soko inapotea, kwa hivyo anaenda anapoweza.

Miaka mitatu. Borstal Kenya ndio hukumu yake, mitatu, kwa vijana wakubwa wakubwa. Sasa weka hapo kando uone za Uganda: huko kuzuiliwa kwa mtoto wa chini ya miaka 16 mwisho ni miezi mitatu, aliyepita 16 mwisho miezi kumi na mbili, na ni makosa yale ambayo mtu mzima angenyongewa tu ndiyo yanafika miaka mitatu. Yaani mahali wao wanaishia kwa mauaji ndipo sisi tunaweza kufika kwa kuvunja duka. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kama kuna kitu nimeruka, na bado inasimama hivyo. Sisemi Borstal haina kazi, huyo mama mwenyewe ana shukrani na useremala. Nasema miaka mitatu kwa mtoto wa 16 ni muda ambao wenzake wanamaliza sekondari.

Stage ya Kakamega mvua ilikuwa ya mawe. Kijana wa boda akatuingiza sote wawili chini ya kibanda chake, akamtafutia mama gari la Webuye, akamwambia dereva "huyu ni mamangu, umshukishe getini," hakutaka hata shilingi kumi.

Jioni kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi, mrenda, 450. Kakamega kama hujala ingokho, huyo kuku wao, hujafika.

Jumatano: Kakamega – Bungoma – Malaba – Mbale

Asubuhi yote ilipotea kwa ofisi moja nikitafuta muhuri wa barua ya kujitambulisha. Nilifika saa mbili, anayepiga muhuri akaja saa tano na nusu. Kama unahitaji barua ya aina hiyo itafute nyumbani kwako, usingoje kufika mbali.

Kakamega – Bungoma 350. Bungoma nikamchukua shemeji yangu, mdogo wa bwanangu, Mbukusu wa kuzaliwa. Nilimhitaji kwa sababu Lubukusu na Lugisu cha Mbale ni ndugu, wanasikizana vizuri, na mimi Kibukusu changu ni cha salamu na cha kuitisha chai. Bungoma – Malaba 200 kila mmoja.

Mpakani: kitambulisho cha taifa kinatosha kwa Mkenya kuingia Uganda, huhitaji pasipoti, lakini beba kadi ya homa ya manjano manake kuna siku wanaitisha. Kituo ni kimoja, maafisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, tulimaliza kwa nusu saa. Kilichotuchelewesha ni malori, foleni ilianza mbali sana tukaona afadhali kushuka tutembee. Pesa badilisha kidogo tu kwa watu wa barabarani, za kufikia Mbale, na uhesabu mwenyewe mkononi mwako. Nilipata shilingi 27 za Uganda kwa moja yetu. Malaba hadi Tororo 5,000 zao, Tororo hadi Mbale 8,000, hapo matatu wanaiita taksi, usishangae ukiona watu kumi na wanne ndani ya taksi.

Tuliingia Mbale giza limeingia. Gesti 40,000, safi.

Alhamisi: Mbale mjini

Ukiamka Mbale unaona Wanale kwanza, ule ukuta wa mwamba juu ya mji, na baada ya mvua maji yanaanguka kutoka juu kama nyuzi nyeupe. Asubuhi tulikula rolex, chapati na mayai ndani, 3,000, tukaenda kumwona dada mmoja ambaye amefanya kazi na maafisa wa probesheni huko.

Alituelezea kwa subira sana. Kila wilaya inatakiwa kuwa na korti yake ya familia na watoto. Kesi ya mtoto ikianza pale, mtoto akishajibu mashtaka, ina miezi mitatu iishe, isipoisha inafutwa na hashtakiwi tena kwa kosa hilo hilo. Hiyo nilimwomba arudie. Hapa kwetu nimeona mtoto akienda kortini mpaka viatu alivyoanza navyo vikawa vidogo. Afisa wa probesheni anaandika ripoti ya nyumbani kwa mtoto kabla korti haijaamua, na dada alisema bila hiyo ripoti hakimu ni kama anaendesha usiku bila taa.

Lakini hakuficha upande wa pili. Kituo cha taifa cha kurekebisha watoto ni kimoja kwa nchi nzima, Kampiringisa, kule Mpigi ng'ambo ya Kampala. Mtoto wa Karamoja akiamriwa kwenda huko, mzazi wake atamwona lini? Nyumba za rimandi nazo ni chache, Mbale iko moja inayobeba upande huu wa mashariki. Sisi kwa hilo tuna afueni, tuna shule za kurekebisha Kakamega, Kericho, Kabete, Wamumu na kwingine, angalau mtoto wa magharibi anaweza kubaki magharibi.

Halafu tukafika kwa kesi ambazo zinanisumbua mimi kama mwalimu kuliko zote, za kijana na msichana wapenzi, wote wa sekondari. Kenya mtu wa chini ya miaka 18 hawezi kukubali ngono kisheria, kwa hivyo kijana wa 16 anashtakiwa unajisi na msichana wa 16 anakuwa shahidi. Kijana mmoja alienda High Court ya Eldoret akisema kushtakiwa peke yake ni ubaguzi, na mwaka 2014 ombi lake likakataliwa. Uganda walibadilisha sheria yao ya adhabu mwaka 2007: wakiwa wote ni watoto na wote wamefika 12, kila mmoja anashughulikiwa chini ya sheria ya watoto, msichana na mvulana. Sijui kama msichana kuingizwa kwa kesi ndio jibu, kusema kweli naogopa hiyo pia. Ila angalau kuna mtu alikaa chini akafikiri kwamba hawa wote wawili ni watoto.

Mchana malewa na matoke, 10,000. Malewa ni machipukizi ya mianzi kutoka Elgon, wanakausha kwa moshi halafu wanapika na karanga. Shemeji alikula sahani mbili. Ikiwa uko huko na kuna mtoto ana shida, namba ya simu ya watoto ni 116, na ukirudi Kenya ni hiyo hiyo 116, bure pande zote.

Ijumaa: kijijini, juu kidogo ya mji

Hii ndio siku niliyoendea. Wakwe wa rafiki ya shemeji wanaishi kwenye mteremko, boda ya 6,000, njia ni udongo mwekundu na mvua ilikuwa imenyesha, nusu tulitembea tukishikilia migomba. Walikuwa wameongea na mwenyekiti wa LC1, akakubali tukae, mradi tusipige picha na tusitaje jina la mtoto. Hata kijiji sikitaji.

LC1 ni baraza la kijiji. Sheria ya watoto ya Uganda inalipa nguvu ya kusikiliza makosa madogo ya mtoto: wizi, kupigana, kushambulia, kuingia shamba la mtu, kuharibu mali. Linaweza kuamuru kupatana, fidia, kurudisha kitu, msamaha, onyo, au mtoto awekwe chini ya uangalizi wa mtu kwa muda usiozidi miezi sita. Kumfungia haliwezi.

Novemba ni msimu wa kahawa huko. Kijana wa miaka 14 aliingia usiku shamba la mama jirani akachuma kahawa mbivu, na kwa sababu ya giza na haraka akavunja matawi. Gunia lililetwa pale chini ya mwembe likiwa nusu, kahawa ilishaanza kuchacha, juu ni nyekundu chini imekuwa kahawia, nzi wamejaa na ile harufu ya uchachu inakuingia puani. Mama mwenye shamba alikuja na matawi yenyewe ameyafunga kwa kamba ya mgomba. Akayapanga chini moja moja mbele ya mwenyekiti, kumi na moja, bila kusema neno. Katibu anaandika kwa daftari la shule la mistari.

Mama alitaka polisi. Alisema waziwazi, shemeji akanitafsiria: huyu akiachwa, kesho watakuja watano. Baba ya kijana naye akasema apigwe viboko hapo hapo yaishe. Mwenyekiti akakataa yote mawili kwa sauti ya chini, kiboko hapana, na polisi ni baadaye ikishindikana hapa. Akaagiza beseni la bluu, kahawa ikapimwa beseni kwa beseni mbele ya watu wote, wakakubaliana bei ya siku hiyo, baba akaambiwa alipe kwa awamu mbili, nusu sasa nusu baada ya wiki mbili. Kwa matawi kijana atafanya kazi kwa yule mama Jumamosi mpaka msimu uishe, kuchuma na kupalilia, na mjomba wake ndiye atamwangalia. Ndipo kijana akaambiwa asimame aombe msamaha. Alianza akiangalia miguu yake, mama akamwambia niangalie mimi, akamwangalia, akasema, na mama akamjibu "Jumamosi uje umekula." Kutoka kuanza hadi kuisha ilikuwa kama saa mbili. Alale seli, hapana. Awe na faili, hapana.

Nilikaa pale nikifikiria kesi ya vyuma kuukuu tuliyokuwa nayo mwaka huu kwa kituo fulani huku kwetu, mtoto wa 13, mwenye vyuma mwenyewe alishasamehe siku ya pili, na bado tulizunguka wiki tatu tukitafuta mtu wa kufunga hiyo kesi.

Sitasema kila kitu pale kilikuwa sawa. Katibu ni shemejiye mama mwenye shamba, kila mtu anajua. Hakuna aliyemsemea kijana, mamake aliongea mara moja tu tena kwa kuulizwa. Hapa Kenya mtoto ana haki ya wakili, na korti inaweza kuamuru atafutiwe mmoja kwa gharama ya serikali, huko chini ya mwembe hakuna kitu kama hicho. Na mzee mmoja aliniambia tukitembea kurudi kwamba waliishi toka 2001 mpaka 2018 bila uchaguzi wa LC1, kwa hivyo kuna watu walihukumu watoto wa kijiji miaka hiyo yote na hakuna aliyewachagua tena. Sisi tuna wazee, tuna chifu, tuna Nyumba Kumi, na tangu 2020 tuna sera ya haki mbadala, ya kusuluhisha kesi nje ya korti, ambayo Katiba yetu inaiunga mkono kwenye kifungu cha 159. Kinachokosekana ni mtu kuandika wazi kwa sheria ya watoto: makosa haya na haya yasikilizwe kijijini kwanza, wanaosikiliza ni hawa, wanaweza kuamuru hiki, hawawezi kuamuru kile, na lazima kuwe na mtu wa kumsemea mtoto. Wakituandikia hivyo mimi nitakaa kwa hicho kikao hata kila Jumamosi.

Walituzuia tusiondoke bila kula. Posho, maharagwe, na kahawa waliyokaanga wenyewe kwa sufuria.

Jumamosi: Mbale – Malaba – Eldoret – Nakuru

Barabara nzima hakuna la kusimulia isipokuwa foleni ya Malaba tena, na gari la Eldoret lililopata pancha Webuye, vijana wa pale wakabadilisha tairi kabla dereva hajapata jeki yake. Malaba hadi Nakuru kwa kuunganisha ilinigharimu 1,500. Safari yote, gesti, nauli, chakula, boda, ilikuwa kama elfu kumi na tatu, na ningelala kwa watu ingepungua.

Ukienda, panga uwe Mbale katikati ya wiki, manake ofisi Ijumaa mchana ni ngumu, na vikao vya kijiji havina ratiba, lazima mtu wa huko akupigie simu. Beba viatu vya matope. Zawadi ya kupeleka kijijini ni sukari na sabuni, usipeleke pesa kwa mwenyekiti, itaonekana vibaya kwenu nyote. Kikundi chetu kimekubaliana kuandika karatasi moja ya Kiswahili kuhusu ule usiku wa kwanza, mzazi afanye nini akifika kituoni, amwitishe nani, aseme nini kuhusu kuitoa kesi nje ya korti, kwamba mtoto anatakiwa kufikishwa kortini ndani ya saa 24, na tutaibandika kwa posho mill, kwa salon, kwa stage za boda, kabla shule zifunguliwe Januari.